Usiiamini namba ya presha kabla ya kukagua maandalizi

Katika utafiti wa presha ya damu, iwe kwa binadamu, panya au kipande cha mshipa, namba hutegemea maandalizi. Kwa binadamu, anza na mkanda, ule unaofungwa mkononi na kujazwa hewa. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, ndipo uchague saizi. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono, na upana wake ufikie asilimia 40 ya mzunguko huo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na mtu mzima wa afya anaandikwa mgonjwa. Ukienda kupima vijijini, beba saizi tatu hata kama gari limejaa.

Mshiriki aliyeshuka kwenye bodaboda sasa hivi asipimwe. Apite msalani, akae dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, miguu haijapishana. Kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa. Salamu zetu ni ndefu na kumkatisha mzee ni utovu wa adabu, kwa hiyo zimalizeni kabla ya dakika hizo kuanza. Akiongea huku mkanda unajaa, presha inapanda. Mkono ulazwe mezani usawa wa moyo: ukining'inia sentimita 10 chini yake, unaongeza karibu milimita 8 za zebaki. Kwenye baridi ya Kabale, Uganda, watu huvaa sweta; livuliwe, maana mkono wa sweta uliokunjwa juu hubana. Pima mara tatu, ukiacha dakika moja kila mara, tupa kipimo cha kwanza, chukua wastani wa viwili vya mwisho.

Kwa anayesikiliza kwa stethoskopu, hewa itoke kwa milimita 2 hadi 3 za zebaki kwa sekunde. Daftari likijaa namba zinazoishia na sifuri, kama 120/80 na 130/90, mpimaji anakisia.

Panya ndio wagumu. Mkanda wa mkia hausomi kitu mkia ukiwa baridi, kwa sababu ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, imejibana na mapigo hayafiki kwenye kihisi. Mpashe joto la nyuzi 32 hadi 34, ukizidisha, anahangaika. Mzoeshe kwenye kile kibomba cha kumshikilia kwa siku kadhaa kabla ya kuandika chochote, saa ileile, mikono ileile. Angalia mapigo ya moyo kabla ya presha: yakiwa juu sana kuliko siku zake tulivu, unapima woga. Umeme ukikatika katikati na sahani ya joto ikapoa, futa kipindi chote, usijazie namba zilizobaki. Telemetri, yaani kisambazaji cha mawimbi kilichopandikizwa mwilini na katheta (mrija) yake ndani ya aota, ateri kuu, hukwepa hayo yote, lakini subiri wiki moja au zaidi baada ya upasuaji, mpaka presha irudi kupanda usiku na kushuka mchana. Panya hukesha.

Kwenye kipande cha mshipa, kazi ni ya vidole. Ateri ya utumbo hukatwa milimita 2, ikapitishwa nyaya mbili nyembamba, ikaogeshwa maji ya Krebs, maji ya chumvi yanayofanana na ya mwilini, ya nyuzi 37 yenye mapovu ya oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5. Gesi ikiisha, pH (kipimo cha uasidi) inapanda, yaani uasidi unapungua, na mshipa unabadili tabia. Jaribu kwanza kloridi ya potasiamu, chumvi inayokaza mshipa; usiojikaza, tupa. Kisha ukaze kwa fenilefrini, dawa ya kukaza mishipa, uongeze asetilikolini, inayolegeza mshipa kupitia utando wake wa ndani. Ukilegea kidogo tu, usikimbilie kuandika kwamba ugonjwa umeharibu utando wa ndani. Waya uliokwaruza huleta mchoro uleule. Nitroprusidi, inayolegeza misuli bila kupitia utando, itakuonyesha kama misuli bado inaweza kulegea, ila haitakuambia nani aliuharibu utando. Hilo linaonekana kwa mishipa ya wanyama wenye afya iliyoandaliwa siku hiyohiyo na mtu yuleyule asiyejua kipi ni cha kundi gani.

Kwa binadamu, jaribio kama hilo hufanyika kwa ultrasaundi: damu huzuiwa mkononi dakika 5, huachiliwa, kisha unatazama ateri inavyotanuka. Ateri ya milimita 4 ikitanuka asilimia 5, hiyo ni milimita 0.2. Kichunguzi cha mashine kikiteleza kidogo tu, kipimo kimekwenda. Kifunge kwenye stendi, usikitegemeze kwa mkono uliochoka.