Fundi Ajibu: Mashine imesoma P0087, ninunue kontrol boksi?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nina gari ya abiria ya dizeli, hizi za komonreli ambazo bomba moja la presha lagawia injekta zote dizeli, napiga ruti ya mjini mpaka Mariakani. Kwenye tambarare haina shida ila nikijaza watu nikianza kupanda Mazeras yafa nguvu, taa ya injini yawaka, nikizima nikiwasha tena yarudi sawa. Fundi mmoja kachomeka mashine ya kusoma hitilafu kasoma kodi P0087, akasema kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, imekufa nitafute ya mtumba. Ninunue? Dereva, Changamwe.

JIBU: Waleikum salaam ndugu yangu. Usinunue, shika pesa zako kwanza. P0087 haisemi boksi imekufa, yasema presha ya mafuta kwenye reli, yaani hilo bomba la kugawa dizeli, imeshuka chini ya ile boksi iliyoitaka, sasa kama imeliona hilo na ikakupunguzia nguvu kulinda injini basi yafanya kazi yake. Na boksi ya mtumba mara nyingi haiwashi hata gari, sababu ya imobilaiza, ile kinga ya wizi inayotaka boksi na ufunguo vitambuane.

Hiyo ya kufa mlimani ndiyo yanipa picha. Gari ikinguruma tu imesimama, reli huwa na presha ya kama baa 300, ukiibebesha mzigo yataka zaidi ya 1,000, kwa hivyo mafuta yakibanwa mahali tambarare haitakwambia, Mazeras itakwambia. Anza na filta, mwaga dizeli yake kwenye chupa angavu uiache itulie, kama ina maji yatakaa chini.

Filta ikiwa safi njoo kwenye waya, na hapa Mombasa chumvi ya bahari yala soketi vibaya sana. Fungua soketi ya sensa ya reli, ile inayopima presha, utazame pini kwa tochi, ukiona ukijani ushapata pa kuanzia. Nyingi zina nyaya 3, ya volti 5, ya aithi (hasi) na ya kupeleka habari kwa boksi. Wengi hukosea hapa, wanachomoa soketi ndipo wapime, na waya iliyooza bado itakuonyesha 5 safi kwa sababu haina kazi inayofanya. Irudishe soketi, swichi on injini isiwake, ingiza pini nyembamba kwa nyuma upime ile ya volti 5 hivyo hivyo huku mwenzio atikisa nyaya. Ikishuka, tuseme 4.3, sensa yaripoti presha ndogo kuliko iliyopo na boksi yaamini.

Waya zikiwa sawa ndiyo upime ritani ya injekta, ile dizeli inayorudi kutoka kila injekta, kwa chupa 4, itakayojaa mbio kuliko wenzake ndiyo yavuja.

Na nakuomba sana, ile ya zamani ya kulegeza nati za nozo (injekta) injini ikinguruma ili mjue silinda gani haichomi, kwa komonreli msifanye kabisa. Dizeli ya presha hiyo yapenya ngozi, na hata tundu likiwa dogo kama la sindano mtu aende hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri mkono ufure.

Ukishapima niandikie volti ulizopata soketi ikiwa imechomekwa.