Kabla Hujanunua Msumeno au Randa, Nunua Tupa na Jiwe

Anayeanza useremala wa mikono huniuliza anunue msumeno gani na randa ipi. Mimi humuuliza kwanza kama ana tupa ya pembe tatu na jiwe la kunolea. Kama hana, fedha zake za mwanzo ziende huko. Randa ya bei kubwa iliyo butu inachubua mbao tu, na kila chombo cha mkono kitakuwa butu siku moja.

Hili ndilo linaloniongoza hata wakati wa kuchagua msumeno. Tazama ncha za meno. Zikiwa na weusi wa kibluu, zimechomwa zikawa ngumu kiasi kwamba tupa haiziwezi. Msumeno huo utakata vizuri kwa muda mrefu, lakini makali yakiisha, nao umekwisha. Kwa mbao za ujenzi zenye saruji na mchanga haudhuru. Kwa samani nachukua msumeno mkuukuu wenye meno ya kunoleka, hata ukiwa na kutu. Uinue usawa wa jicho na utazame mstari wa meno kuanzia mpinini hadi nchani: bamba liwe limenyooka. Kutu ya juu juu hutoka kwa msasa. Iliyokula mashimo karibu na meno, uache hapo hapo.

Halafu ujue unataka kupasua au kukata. Meno ya kupasulia, yanayofuata nyuzi za mbao, hunolewa kwa mraba na kila moja huchonga njia yake kama patasi ndogo. Ya kukatia nyuzi hunolewa kwa mshazari, yakawa na ncha za kuzichanja kabla ya kuziondoa. Meno 5 hadi 7 kwa inchi yanatosha kupasua. 8 hadi 12 hukata mkato safi. Tafadhali miliki misumeno yote miwili. Kupasua ubao mrefu kwa msumeno wa kukatia ni mateso, na watu wengi huacha kazi za mkono kwa sababu hiyo tu.

Msumeno ukikuvuta upande mmoja kila mara, usiulaumu mkono wako haraka. Meno huinamishwa moja kushoto, moja kulia, ili njia iwe pana kuliko bamba. Upande ulioinama zaidi ndio utakaokuvuta.

Shika mpini kwa vidole vitatu, cha shahada kikielekea mbele, na usiukabe. Bamba liinuke digrii 45 hivi unapokata, 60 unapopasua. Tumia urefu wote wa bamba, uzito wake ufanye kazi. Misumeno ya Kijapani hukata kwa kuvutwa, kwa hiyo bamba lake huwa jembamba na njia yake nyembamba. Ni mizuri kwa viungo, ila wengi huona tabu kuinoa.

Kwa randa, ukiwa na uwezo wa kununua moja tu, chukua ya inchi 14 hivi, ile ambayo kwa hesabu za Stanley, kampuni ya kutengeneza zana, ni namba 5. Namba 4 ni fupi: hulainisha vizuri, lakini huzama kwenye mabonde ya ubao badala ya kuyavuka. Namba 7, yenye inchi 22, hunyoosha kingo ndefu, ila ni nzito na inaweza kusubiri.

Noa kisu cha randa kwa digrii 25 hadi 30, na usisahau mgongo wake, yaani upande usio na mshazari. Mgongo usiposuguliwa ukawa bapa kabisa karibu na ukingo, makali hayaji hata ukinoa kutwa. Kile chuma cha pili kinachokaa juu ya kisu kisogeze hadi chini ya nusu milimita kutoka kwenye makali unapomalizia. Hapo nyuzi korofi huacha kung'oka. Zikiendelea, geuza ubao upige randa kutoka upande wa pili.

Unapoanza, kandamiza mbele ya randa; unapomaliza, hamishia uzito nyuma, la sivyo ncha mbili za ubao zitaliwa. Na kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi zilipokatwa, usipitishe randa moja kwa moja hadi mwisho, kwani kona itabanduka. Piga kutoka kila upande ukiishia katikati, au bana kipande cha mbao taka nyuma ya kona hiyo.