Barua kwa mwanangu: ndege za vita zilipimwaje

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mwenzako kazini ameshikilia kwamba takwimu za ndege za Vita vya Pili vya Dunia ni za kukisia tu: rubani alipaa, akasoma mshale, akatua, akaandika. Umeniuliza kwa kuwa mimi kazi yangu ilikuwa vyombo vya ndege. Mwambie si kweli. Inaniuma kusikia hivyo, maana wapo waliokufa wakizitafuta hizo namba.

Anza na mshale wenyewe. Kipimo cha kasi hulinganisha mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye mrija wa Pitot na ule wa hewa tulivu kwenye tundu jingine. Shida ni kwamba hapo kwenye tundu hewa haijatulia. Bawa na bodi vimeshaivuruga. Waingereza wa kituo cha majaribio cha Boscombe Down walilijua hilo. Walirusha ndege chini kabisa, ikapita usawa wa alama yenye kimo kinachojulikana, kila mara kwa kasi nyingine, kisha wakalinganisha mgandamizo uliosomwa ndani ya ndege na ule uliopimwa ardhini. Tofauti hiyo ndiyo kosa linaloletwa na mahali tundu lilipo. Waliichora kwenye grafu, wakairekebisha katika kila kipimo kilichofuata. Bado kulikuwa na joto la siku: safari ya Januari na ya Julai zilipigiwa hesabu hadi zote zikawa kama zimeruka katika hewa ya aina moja. Hesabu zote hizo zilifanywa kwa mkono.

Wala hawakumwachia rubani kila kitu akariri. Ndani ya ndege nyingi za majaribio kulifungwa kisanduku chenye vyombo vya ziada, taa na kamera. Kamera ikapiga picha za mishale yote kwa pamoja huku rubani akishughulika na usukani.

Ninachokistahi zaidi ni walivyopima hata hisia. Zamani rubani alisema ndege "nzito" au "nyepesi", basi. Robert Gilruth, mhandisi wa maabara ya utafiti wa ndege ya Langley nchini Marekani, mwaka 1941 aliandika masharti ya ndege inayorushika vizuri, kwa vipimo: rubani avute usukani kwa nguvu kiasi gani, ndege nayo iitikie kiasi gani. Ndiye huyohuyo aliyekuja kuongoza kazi ya kupeleka Wamarekani anga za juu.

Sasa, karibu na kasi ya sauti mambo yaligeuka. Novemba 1941 Ralph Virden, rubani wa majaribio wa kampuni ya ndege ya Lockheed, alikufa akiijaribu P-38, ndege ya kivita iliyokuwa inasumbua sana kwenye kupiga mbizi, yaani kushuka kwa kasi pua ikielekea chini. Uingereza, watu wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough waliingia eneo hilo kwa Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ambayo bawa lake jembamba lilistahimili kuliko ndege nyingi mpya. Mwaka 1944 rubani wao, Martindale, aliielekeza chini kutoka zaidi ya mita 12,000, akapita kilomita 960 kwa saa, karibu tisa ya kumi ya kasi ya sauti. Rafadha ikang'oka. Pua ikawa nyepesi ghafla, ndege ikarudi juu yenyewe kwa nguvu hadi akapoteza fahamu. Alipozinduka aliileta nyumbani bila injini, akatua. Mabawa yalikutwa yamepinda kidogo kuelekea nyuma. Hiyo ndiyo kazi mwenzako anayoiita kukisia?

Mwenzako ana haki mahali pamoja. Ndege iliyopimwa mara nyingi ilikuwa moja, ikitunzwa na mafundi wa kituo, wakati zile za kikosini zilikuwa na mabonde, rangi iliyobanduka na injini zilizochoka. Tena kila nchi ilikuwa na kanuni zake za kurekebisha. Akikuletea kasi ya Spitfire na ya Messerschmitt ya Wajerumani kwenye jedwali moja, muulize kwanza: kwa uzito gani, kwenye mwinuko gani, na injini ilikuwa imesukumwa hadi wapi?

Wasalimie watoto.

Baba yako