Maswali ya Wasomaji: Tairi Limekua, Mshale Haujui

SWALI: Ninaishi Chumbageni, Tanga, na ninatumia gari dogo lililoagizwa kutoka Japani, ambalo lilikuja na matairi ya 195/65 R15. Kwa kuwa ninapita mara kwa mara kwenye njia za vumbi za mashambani, nilinunua rimu za inchi 16 na matairi ya 215/65 ili gari liinuke kidogo. Hivi karibuni nilipigwa tochi nikiingia Muheza: askari alinionyesha kilomita 52 kwa saa penye kibao cha 50, ilhali mshale wangu wa spidomita ulikuwa kwenye 49. Naona pia kwamba gari linakula mafuta zaidi kuliko zamani. Fundi aliyenifungia matairi anasema rimu hazina uhusiano wowote na mshale. Je, nimwamini nani?

JIBU: Ndugu msomaji, iamini tochi. Fundi wako amesema nusu ya ukweli, kwa sababu rimu peke yake haibadilishi kitu. Kinachobadilisha ni kimo cha gurudumu zima, yaani rimu pamoja na mpira unaoizunguka. Spidomita huhesabu mizunguko, ama kwa waya unaotoka kwenye giaboksi kama ilivyo katika magari ya zamani, ama kwa sensa, yaani kifaa kinachohisi mzunguko, kisha huigeuza kuwa mwendo kwa kutumia urefu wa mzunguko mmoja uliowekwa kiwandani. Ukifunga gurudumu refu zaidi, kila mzunguko unakupeleka mbali zaidi, lakini gari linaendelea kuhesabu kwa kipimo kile kile cha awali.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe kwa namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Katika 195/65 R15, upana ni milimita 195, ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 15, ambazo ni milimita 381. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata kimo cha milimita 634.5. Matairi yako mapya, kwa hesabu hiyo hiyo, yana milimita 685.9. Gurudumu limekua kwa asilimia 8.1, na gari limeinuka kwa sentimita 2.6 hivi tu, kwa sababu nusu ya ongezeko hilo iko juu ya ekseli. Gurudumu la zamani lilizunguka karibu mara 502 katika kila kilomita. Hili la sasa huzunguka karibu mara 464.

Huenda ukauliza kwa nini basi tochi haikusoma 53, ambayo ndiyo 49 na asilimia 8 juu yake. Sababu ni kwamba watengenezaji huacha mshale uzidishe kidogo kwa makusudi. Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko ulio halisi, lakini inaruhusu izidishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 zaidi. Inaelekea mshale wako ulipokuwa ukionyesha 49 kwa matairi ya awali, mwendo halisi ulikuwa karibu 48. Ongeza asilimia 8.1 na utaipata 52 ya askari. Akiba ile uliyopewa na kiwanda, matairi mapya yameimaliza na kupita upande wa pili, na huo ndio upande unaonitia wasiwasi, kwa kuwa dereva anayedanganywa hivyo huingia kwenye kona na kwenye vivuko vya watoto wa shule akidhani anakwenda taratibu.

Kuhusu mafuta, kabla hujampelekea fundi injini, rekebisha hesabu. Gari likiandika kilomita 400, umekwenda karibu 432. Kama umetumia lita 40, unadhani unapata kilomita 10 kwa lita, kumbe unapata 10.8. Kwa sababu hiyo hiyo, sevisi unayoifanya kila kilomita 5,000 unaichelewesha kwa kilomita 400 hivi.

Ushauri wangu ni kwamba usivuke tofauti ya asilimia 3 kutoka kimo cha awali, ambacho unaweza kukikokotoa kwa namba za tairi zilizo kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Hata ikiwa imeandikwa Kijapani, namba zinasomeka. Kwa rimu zako za inchi 16, tairi la 205/55 linakaribia sana kimo cha awali, na 205/60 linazidi kwa asilimia 2.8. Kama haja yako ni kuinua gari, zungumza na fundi wa springi. Ukiamua kubaki na matairi uliyo nayo, kata usukani hadi mwisho kushoto na kulia uone kama hayasugui bodi, kisha uulize kama kompyuta ya gari lako inaweza kubadilishiwa kipimo cha tairi. Kwa uhakika zaidi, mwombe abiria ashike simu yenye programu ya kupima mwendo kwa setilaiti, nawe ushikilie mwendo mmoja kwenye sehemu iliyonyooka ya barabara ya Segera.

SWALI: Je, tairi lililokwisha au lililopungua upepo nalo linapotosha mshale? (Msomaji, Pangani)

JIBU: Ndiyo, lakini kwa upande mwingine. Tairi jipya lenye kashata (meno ya mpira yanayogusa barabara) za milimita 8, likibakiwa na 2, limepoteza milimita 12 za kimo, karibu asilimia 2 kwa gari la ukubwa huu. Mshale utaonyesha mwendo mkubwa kidogo kuliko ulio halisi. Upepo ukipungua kidogo, mabadiliko ni madogo mno, kwa kuwa mkanda wa waya ulio ndani ya tairi haufupiki. Hata hivyo pima upepo, kwani tairi laini hupata joto na hupasuka safarini.