Maswali ya Wasomaji: Kava ya Injini Imekataa Kung'aa

SWALI: Ndugu Mhariri, nina gari la zamani ambalo kava ya juu ya injini yake, ile ambayo mafundi huiita tapeti kava, ni ya alumini ya kusubu. Niliipiga msasa namba 120, nikaipaka dawa ya kung'arishia na kuisugua jioni nzima, lakini imebaki na ukungu na mistari. Jirani ananishauri niiloweke katika kostiki soda. Je, nimsikilize? Tena, nikishafanikiwa, naweza kuipaka nta ya nyuki, ambayo hapa kwetu haikosekani, ili isifubae? – Msomaji, Isevya, Tabora.

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usiitie kava yako katika kostiki. Kostiki hula alumini yenyewe, na inapoila hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto upesi. Wewe utabaki na kava nyeusi yenye vishimo. Grisi iondoe kwa mafuta ya taa na brashi, kisha uioshe kwa sabuni.

Mng'ao hupatikana kwenye msasa, nawe umetoka namba 120 ukarukia dawa, ilhali mikwaruzo ya msasa huo imeingia ndani kiasi kwamba hakuna dawa itakayoifuta. Panda taratibu: 220, 400, 600, 800, hadi 1000, na kuanzia 400 tumia msasa wa maji, ukiuchovya katika ndoo yenye sabuni kidogo. Siri ya kazi hii ni kubadili mwelekeo: ikiwa 220 uliupitisha kwa urefu wa kava, 400 upitishe kwa upana, kisha uiinamishe kava kwenye jua la asubuhi na kuitazama kwa ubavu. Ukiona hata mstari mmoja wa urefu, mwembamba kama unywele, usiende namba inayofuata. Inachosha, lakini mkwaruzo ulioachwa nyuma utakurudisha mwanzo siku utakapodhani umemaliza.

Alumini iliyosubiwa katika kalibu ya mchanga huwa na vitundu vidogo vilivyoachwa na gesi wakati wa kumimina. Vikijitokeza, viache, kwa sababu ukivifukuza utaikondesha kava. Uso unaokaa juu ya gasketi usiuguse kabisa, la sivyo injini itavuja oili.

Baada ya 1000, funga gurudumu la kitambaa kwenye drili, ulipake dawa, na uigusishe kava kwenye ukingo ambao gurudumu linazunguka likitoka kwenye kava, wala si ukingo ambao linazunguka likiingia kwenye kava, kwa maana linaweza kuinasa kava na kuirusha. Vaa miwani na barakoa. Glavu na mikono mirefu ya shati havifai karibu na kitu kinachozunguka. Weusi utakaouona kwenye kitambaa ni alumini inayotoka, usikutie hofu.

Kuhusu nta ya nyuki, huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, na maji ya injini iliyokwisha kupata moto hufika karibu 90. Juu ya kava itayeyuka na kukamata vumbi, kwa hiyo itumie kwenye vipande vilivyo mbali na joto. Kava ipitishie dawa laini kwa mkono kila inapoanza kufifia, na wakati wa kiangazi usiifute ikiwa kavu: ioshe kwanza, kwa kuwa chembe za mchanga zitaichora upya.