Linux+, LPIC-1, RHCSA au vya Microsoft: uanze na kipi?

Mkuu, umesema uko dawati la msaada, unataka kuhamia kwenye seva, na hujui uanze na cheti kipi kati ya hivyo. Kabla hujalipia chochote, pitia matangazo ya kazi unazozitamani uone wanaendesha nini. Wakitaja Windows na Azure (huduma ya wingu ya Microsoft), nenda AZ-104, mtihani wa cheti cha Microsoft cha kusimamia Azure; Linux itakusubiri. Ukikuta mtu bado anauza kozi ya MCSA, vyeti vya zamani vya Microsoft, mpite tu. Microsoft walistaafisha vyeti hivyo Januari 2021.

Wakitaja Linux, kwangu mimi ni RHCSA, cheti cha kampuni ya Red Hat. LPIC-1, cheti cha taasisi ya LPI, ni mitihani miwili, kila mmoja maswali 60 kwa dakika 90, kuchagua jibu na kujaza nafasi. Mwenye kichwa cha kukariri anapita. RHCSA haina cha kuchagua. Unakabidhiwa mashine: fungua akaunti za watumiaji, ongeza nafasi kwa LVM (mfumo wa kugawa diski), nyoosha SELinux (ulinzi wa ndani wa Linux), badilisha nenosiri la root, yaani akaunti kuu ya mashine, ambalo hulijui. Intaneti hakuna, una kurasa za man (maelezo ya amri) na nyaraka nyingine zilizomo kwenye mashine tu. Tena kazi yako lazima iwe hai hata mashine ikizimwa na kuwashwa upya. Umepachika diski kwa amri ya mount ukasahau kuiandika kwenye /etc/fstab, faili la diski za kupachikwa mashine inapowaka? Huna alama. Umeiandika fstab vibaya? Mashine inaweza isiwake kabisa. Nilipojiandaa nilikuwa nawasha upya kila baada ya zoezi, na tabia hiyo imenifaa kazini kuliko cheti chenyewe.

Linux+, cheti cha CompTIA, si mbaya, ila kwangu mimi inafuata nyuma ya RHCSA.

Angalia pia muda: RHCSA hudumu miaka 3, LPIC-1 miaka 5. AZ-104 ni mwaka 1, lakini kuihuisha ni bure mtandaoni.

Sasa usaili. Nikiwa upande wa kuuliza, napenda hili: amri ya df, inayopima nafasi ya diski, inasema imejaa; du, inayojumlisha ukubwa wa faili, inaonyesha kidogo tu; nafasi imekwenda wapi? Wenye vyeti wengi hukwama hapo. Mara nyingi kuna faili kubwa la kumbukumbu za matukio (log) lililofutwa huku programu bado imelishikilia. Amri ya lsof +L1 italifichua. Ukiianzisha upya programu hiyo, nafasi inarudi. Kwa hiyo sakinisha Rocky au AlmaLinux (Linux za bure zinazofanana na ya Red Hat) kwenye mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta yako, ujaze diski makusudi, uharibu fstab, kisha uziokoe bila kusakinisha upya. Ukiweza hilo bila kugoogle, lipia mtihani.