Pedi za breki zinalia, nipake grisi wapi?

Swali: Nimebadilisha pedi za mbele mwenyewe, sasa nikikanyaga breki zinalia kama mbuzi, mtaa mzima unajua nimerudi. Jirani kanambia nipake grisi. Wapi? (Msomaji, Wete)

Jibu: Yakhe, usije ukapaka upande unaosugua diski, gari haitosimama! Paka mgongoni mwa pedi, kidogo tu, na yale masikio yake yanayoteleza, ila kwanza sugua kutu na brashi ya waya maana hewa yetu ya chumvi inakula chuma kweli kweli. Pini za kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) zinataka grisi ya silikoni, hii ya beringi inavimbisha mipira yake na joto likipanda inachuruzika. Pedi ikishalowa grisi nunua nyengine, usijisumbue kuifuta na petroli.